Umepata Ajali kwa Teksi ya Apu, Dereva Anakuambia "Sema Wewe ni Cuzo Yangu"? Tulia Kwanza

Dakika tano baada ya gari kugongwa, kabla karao hajafika, kuna maneno madereva wa teksi za apu hupenda kumwambia abiria. "Bosi, nisaidie tu hapa. Ukiulizwa, sema wewe ni cuzo yangu, nilikuwa nakupeleka keja."

Na wasee hukubali. Si dereva alikuwa mpoa, mmetoka Westi mkibishana Arsenal, sasa amekaa pale ukingoni ameshika kichwa ju hiyo gari si yake. Wewe nawe mguu umeanza kufura lakini damu bado iko moto, uchungu haujaingia. Unaona ni kumsaidia tu mtu. Buda, hapo ndipo unaweza kuuza kesi yako bure, na hakuna mtu atakuambia hadi bili ya hosi ifike.

Tuanze na kwa nini anakuomba hivyo.

Bima ya gari Kenya inaangalia hilo gari linafanya kazi gani. Kuna ya matumizi ya binafsi, ile ya kwenda job, kanisani na kurudi mtaani. Kuna ya kubeba mizigo. Halafu kuna ya kubeba abiria wa kulipa, na teksi za apu zinaangukia hapo. Hiyo ya mwisho huwa na bei, na sababu haijifichi: gari linashinda barabarani mchana na usiku, linabeba watu wasiojuana na dereva, na kila mmoja wao anaweza kushtaki.

Sasa piga hesabu za dereva. Mafuta. Komisheni ya apu. Tageti ya mwenye gari kila wiki, iwe mvua iwe jua. Bando. Kuosha gari. Broka anamwambia kuna ya binafsi hapa, bei iko chini, cheti ni cheti. Anachukua. Apu zenyewe huitisha karatasi za bima wakati wa kujisajili, ni kweli, lakini bima huisha, na kuna zile za kulipwa mwezi kwa mwezi. Ya mwezi uliopita inaweza kuwa ilikuwa ya PSV. Ya mwezi huu ni yeye na Mungu wake wanajua. Kwa hivyo unapata gari liko barabarani na bima halali kabisa, ila ni bima ya maisha mengine, siyo ya hii kazi linafanya.

Dereva anajua kampuni ya bima ikisikia kulikuwa na abiria wa kulipa ndani, itamwambia mkataba wetu haukusema hivyo, kwaheri. Ndio maana ghafla umekuwa cuzo.

Shida ni hii. Kuna Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, ile inayosema hakuna gari kuingia barabarani bila bima ya kulinda mtu wa tatu. Hiyo kila mtu amesikia, ni thadi pati. Chenye wasee hawajui ni kifungu cha 5. Kinasema hiyo bima ya lazima haihitajiki kufunika watu waliobebwa ndani ya gari, isipokuwa gari linabeba abiria kwa malipo, ama watu wanaobebwa kwa sababu ya mkataba wao wa kazi. Rudia hiyo polepole. Abiria wa kulipa, sheria inalazimisha afunikwe. Cuzo aliyepewa lifti, hailazimishi. Cuzo atalipwa tu kama mwenye gari aliongeza kipengele cha abiria kwa bima yake na akakilipia. Na mtu aliyekuwa anatafuta bima ya bei ya chini zaidi sokoni, wewe unadhani alikumbuka kuongeza?

Kwa hivyo ukisema wewe ni cuzo, umejitoa kwa mdomo wako mwenyewe kutoka kwa lile kundi ambalo sheria inalitetea.

Mtu mwerevu ataniuliza: lakini kama bima ni ya binafsi, si hata ukweli utanichoma? Swali poa, na jibu lake si tamu. Inaweza kukuchoma, upande huo mmoja. Kifungu cha 10 cha hiyo sheria kinalazimisha kampuni ya bima kulipa korti ikiamua umeshinda, lakini kwa deni ambalo bima yenyewe ilifunika. Kifungu cha 16 kinawanyima kampuni visingizio kadhaa: hawawezi kukwepa mtu wa tatu ati dereva alikuwa mgonjwa, ati gari lilikuwa bovu, ati mlikuwa mmejazana sita kwa gari ya wanne. Lakini hiyo ya gari la binafsi kugeuzwa teksi haiko kwa orodha yao ya visingizio vilivyopigwa marufuku. Kampuni inaweza kuitumia, na huitumia.

Bado uongo ni mbaya kuliko ukweli, na si mambo ya Sunday school nakuambia.

Kwanza, uongo huo hauna miguu. Apu ina safari yako: saa mliyoanza, njia mliyopita, jina la dereva, bei. Simu yako ina meseji ya M-Pesa. Kampuni za bima huajiri wachunguzi kwa kazi hiyo hiyo ya kuuliza maswali, na wakipata ulimdanganya polisi kuhusu ulikuwa nani kwa gari, hata ile sehemu ya kweli ya hadithi yako, mguu wenyewe uliovunjika, inaanza kukaa kama mchezo wa mjini. Mbele ya hakimu mtu aliyepatikana na uongo mmoja anauliziwa mengine yote.

Pili, na hii ndiyo naona ni kubwa, kuna mwenye gari. Hata bima ikikataa, wewe bado unaweza kumshtaki dereva na mwenye gari. Dereva mara nyingi hana kitu. Mwenye gari ana gari, pengine ana mawili, ana ploti Kitengela. Yeye huingia kwa kesi kwa sababu gari lake lilikuwa kwa kazi yake: alimpa dereva alipeleke kwa apu, lilete pesa, apokee tageti. Ukiwa abiria wa kulipa, ni ngumu kwake kujitoa. Ukiwa cuzo? Loya wake atasimama korti aseme mteja wangu hakumtuma huyu kijana kubeba jamaa zake usiku, hiyo ilikuwa safari yake binafsi. Umempa mlango wa kutokea, na wewe ndiye uliufungua.

Tatu, watu husahau kuna gari la pili. Kama mathree ilitokea nyuma ikawapanda, ama lori likahama laini bila kuangalia, unadai bima ya hilo lililogonga, na hapo haijalishi sana dereva wako alikuwa na bima gani. Wewe ulikuwa kiti cha nyuma, hukushika usukani, makosa si yako. Unaweza kushtaki pande zote mbili kwa pamoja, korti igawanye lawama yenyewe. Kitu kimoja tu kinaweza kukugeukia: mshipi. Hukufunga, ukarushwa, wakili wa upande ule atasema ulichangia maumivu yako, na korti inaweza kukata kiasi kutoka kwa fidia. Wale hupanda nyuma na kudhani mshipi ni wa mbele pekee, hiyo ni yenu.

Na usidhani bima ikikubali ndio umeomoka. Hiyo bima ya lazima ina kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Kwa mkono uliovunjika inatosha. Kwa uti wa mgongo, kwa msee wa miaka 24 ambaye hatatembea tena, si kitu, na kiasi kinachozidi hapo unarudi kumtafuta dereva na mwenye gari.

Sasa apu yenyewe iko wapi kwa hii picha? Iko mbali, na ilipanga kuwa mbali. Uber iliingia Nairobi 2015. Mwaka uliofuata tukapata Little na Taxify, ambayo sasa ni Bolt. Kile umekubali ukibonyeza "kubali" bila kusoma kinasema kampuni ni ya teknolojia, inaunganisha mtu anayetaka safari na mtu mwenye gari, na dereva si mfanyakazi wake. Uingereza Mahakama ya Juu ilikataa hiyo hadithi Februari 2021, ikasema madereva wa Uber waliopeleka kesi hiyo ni wafanyakazi wenye haki za mshahara wa chini na likizo. Huku kwetu dereva bado anaitwa mshirika. Mshirika wa gharama, sijui kama wa faida.

Serikali ilipotoa kanuni za kampuni hizi mwaka wa 2022, kupitia NTSA, kelele yote mjini ilikuwa ya komisheni, ile asilimia 18 iliyowekwa kama kikomo. Naelewa, hiyo ndiyo inaguza mfuko kila siku. Lakini nilishangaa vile swali la nani analipa mguu wa abiria halikupata hata nusu ya hiyo kelele, na abiria ndio wengi.

Kama apu yako inasema ina bima ya safari, ingia usome inaanza wapi na kuisha wapi. Bima za aina hiyo hukaa ndani ya safari yenyewe, kutoka dereva akubali hadi afunge. Hapo ndipo tunaingia kwa tabia yetu mbaya ya Nairobi, na siwezi kulaumu madereva peke yao. Unaitisha gari, simu inalia kabla hata hujatoka nje ya geti. "Unaenda wapi? Ni keshi? Basi futa hiyo, twende oflaini, ntakufanyia bei." Unafuta. Umeokoa shilingi 50, dereva ameokoa komisheni, mnacheka. Mkipata ajali Thika Road, kwa apu hiyo safari haikuwahi kufanyika. Kampuni itasema, na itakuwa inasema ukweli, kwamba abiria alifuta saa mbili na dakika kumi. Kitu pekee kitakachoonyesha ulikuwa abiria wa kulipa ni meseji ya M-Pesa, na kama mlikubaliana utalipa mkifika, hata hiyo hauna. Yaani umekuwa cuzo bila hata kuombwa.

Ndugu yake hiyo ni ile ya akaunti ya kukodisha. Picha ni ya msee mweupe mwenye ndevu, anayekuja ni mwingine kabisa, anakuambia "hiyo ni ya bro yangu". Usipande. Ukipanda na mgongwe, utakuwa unamshtaki nani? Yule wa picha alikuwa nyumbani analala.

Tuseme imeshatokea. Uko hapo kwa barabara, kioo kimetapakaa. Kama mtu ameumia vibaya, hosi kwanza, mengine yote yanangoja. Kama unaweza kushika simu, piga picha za namba za magari yote kabla yasukumwe kando, na ufanye skrinshoti ya safari kabla dereva aifunge, na kabla simu izime chaji, ju huwa inazima wakati huo huo. Dereva kwa sheria ya trafiki anatakiwa asimame na aripoti polisi ndani ya saa 24. Usimwachie. Nenda wewe mwenyewe ama tuma mtu wenu, hakikisha jina lako liko kwa OB kama abiria, upewe nambari. Nimesikia za watu waliokuja kuomba abstrakti baada ya mwezi wakapata OB inasema gari lilikuwa na dereva peke yake. Abstrakti ndiyo karatasi inayobeba jina la kampuni ya bima na namba ya bima, kwa hivyo isome pale kaunta. Kama hapo kwa bima pameachwa wazi, uliza kabla hujaondoka.

Hosi nayo nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni shingo tu inakwaruza. Mambo ya "ntajichua na dawa kwanza" yanaleta swali baadaye: tutajuaje hukuanguka kwa bafu Jumatano? Weka kila risiti, hadi ya boda iliyokupeleka kliniki. P3 ijazwe na daktari. SHA ikilipa sehemu ya matibabu, poa, lakini hiyo haimwondolei aliyekugonga deni lake.

Cheti cha bima siku hizi ni cha dijitali, kiko kwa mfumo wa DMVIC wa muungano wa kampuni za bima, kwa hivyo kuna njia ya kujua kama karatasi ni ya kweli na ni ya aina gani. Mwenye gari naye anapatikana kwa eCitizen, unalipia utafutaji wa NTSA unapata jina lililo kwa logbook. Usishangae likiwa jina la benki na mtu pamoja.

Kutakuwa na watu wawili wa kuchunga. Wa kwanza ni yule wa kutaka mmalize hapo hapo, elfu kumi na uandike mmeelewana. Siku ya tatu ndio mgongo huamka, na hapo karatasi yako tayari inasema umeridhika. Kampuni za bima pia zina toleo lao, fomu safi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hiyo, umefunga mlango. Haimaanishi kila ofa ni ya kukataa, nyingine ni za haki, lakini isainiwe baada ya daktari kusema umefikia wapi, siyo ukiwa bado umelala wodini umekufa ganzi.

Wa pili ni broka wa wodi. Hujui alijuaje jina lako. Ana fomu za loya fulani, anakuambia usilipe kitu, mtagawana mkishinda. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa loya kulipwa tu kesi ikishinda, na watu wamekuja kugundua kesi yao ilimalizwa kitambo na pesa ililipwa, wao wakiwa bado wanangoja simu. Tafuta loya mwenyewe, uone ofisi yake, umuulize maswali.

Na kama jeraha ni la kawaida, dai lisilozidi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilifungua milango Milimani mwaka wa 2021. Sheria yake inaruhusu madai ya kuumia mwili, unaweza kujisimamia bila loya, na inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60. Siku hizo huvutwa wakati mwingine, lakini hata zikivutwa bado ni afadhali kuliko miaka minne ya kuahirishiwa. Kwa vyovyote, una miaka 3 kutoka siku ya ajali ya kupeleka kesi ya aina hii. Ikipita, hata uwe na picha, abstrakti na shahidi askofu, mlango umefungwa.

Kuna jambo moja chafu bado. Unaweza kufanya kila kitu sawa, gari liwe na bima sahihi ya PSV, halafu kampuni yenyewe ianguke. Sio hadithi za kutisha watoto. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi 2011. Xplico ikafuata 2023, Invesco 2024, na hizo mbili zilikuwa majina makubwa kwa magari ya abiria. Kuna mfuko wa kufidia watu kampuni ikianguka, lakini kikomo chake kimekuwa shilingi 250,000 kwa dai. Kama korti ilikuwa imekupa milioni mbili, fanya hiyo hesabu ukiwa umekaa chini. Mwenye gari anayechagua bima kwa kuuliza tu "ya bei ya chini ni gani" anachagua na mguu wako pia.

Nimemchapa dereva vya kutosha, lakini kati ya wote waliotajwa hapa yeye ndiye yuko uchi zaidi. Bima ya mtu wa tatu haimlipi yeye mwenyewe akivunjika. Yeye si mtu wa tatu, ndiye alikuwa anaendesha. Sheria ya fidia ya ajali kazini ya 2007, ile WIBA, inahusu mwajiriwa, na apu inasema hajaajiriwa, mwenye gari naye anasema mimi nilimkodishia tu. Kama gari ni lake la mkopo na aliweka bima kamili lakini ya binafsi, kampuni inaweza kukataa kulipa, gari linabaki chuma chakavu kituo cha polisi na benki inaendelea kudai kila tarehe tano. Ndio maana alikuwa anatetemeka akikuomba uwe cuzo. Hakuwa anakuchezea, alikuwa anazama.

Kwa hivyo kama ni wewe uko kwa usukani na unasoma hii ukingojea ombi lingine pale nje ya Sarit, fungua cheti saa hii, angalia pale pameandikwa matumizi ya gari. Kikisema ni ya binafsi, piga picha umtumie mwenye gari, umuulize nani atalipa mkigongwa leo usiku, na umuulize kabla hujamtumia tageti ya Jumatatu.